Sigomi, Natua Mzigo

Nilipofika msibani kwa Mihayo, kule Ng'ambo, Tabora, kijana aliyekuwa akipokea wageni mlangoni alinipa shikamoo kwa adabu, akanipokea mkoba, kisha akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Swali dogo tu, lakini jibu lake si dogo. Si ndugu yake. Si jirani, si wa kanisa lake, na kile chama cha wafanyakazi alichokitumikia mpaka mvi zikamshika, mimi sikuwahi kuchukua kadi yake. Jibu la nusunusu halinitoki, kwa hiyo nilisimama pale nikitafuta lililo kamili, mara sauti ya bibi mmoja ikatoka kwenye mkeka wa wanawake: "We mtoto, mpishe huyo akae. Huyo ni dini ya meno!" Wazee wawili watatu wakacheka, msibani hivyohivyo, kisha wakajifanya wanakohoa. Nilimjua msemaji kabla sijamwona. Alikuwa Nyamizi, na uzee wote ule haukuwa umempunguzia sauti hata kidogo.

Basi nikakaa. Walioketi karibu nami walikuwa wakimsimulia Mihayo wa uzeeni, mwenye fimbo na miwani, anayesuluhisha magomvi ya mitaa mitatu. Mihayo wangu mimi ni wa mwaka mmoja tu, ule wa kwanza baada ya Uhuru, nilipokuja Tabora kutoka Mara nikiwa msichana mwenye sanduku la bati na kitambaa cheupe kichwani. Ya kwetu Mara nayaacha, hayana tofauti na ya watu wengine. Lakini mwaka ule haufanani na mwingine wowote, kwa sababu ndio mwaka nilioulizwa dini yangu ni nini, nikatakiwa nijibu kwa vitendo mbele ya watu walionichukia.

Nilipanga chumba kwa Bi. Zuhura. Nyumba yake ilikuwa na mlango mzito wa mbao uliochongwa, mabaki ya enzi za misafara, na nyuma ya mlango huo ukumbi wenye giza na ubaridi mzuri hata jua likiwaka vipi. Chumba cha mbele alikaa Mihayo. Changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na jiko la uani, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua kinachopikwa kabla harufu haijanifikia. Mchi ukipiga, ni kisamvu. Kukiwa kimya, Bi. Zuhura anachambua mchele. Siku ya kwanza alinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga, akaniuliza dini. Nikamwambia mimi ni Mmennonite.

"Mme-nini?"

"Mmennonite, bibi."

"Meno?" Akanitazama kinywani. "Makubwa! Kuna dini ya meno?"

Nikamweleza kwamba sisi hatuapi, hatushiki silaha, hatuvai dhahabu, wanawake tunafunika kichwa kwa kitambaa cha sala, na kabla ya kushiriki meza ya Bwana tunatawadhana miguu. Hapo ungo ukawekwa chini. "Mnatawadha? Alhamdulillahi! Kumbe mtu wa kwetu wewe!" Akataka kujua kama tunaanza na mikono, kama tunasukutua, kama tunapaka maji kichwani. Nikamwambia ni miguu tu, tena si kila mtu na yake: mimi namwosha mwenzangu, naye ananiosha mimi. Furaha ikamtoka usoni polepole. "Mtu mzima na akili zake aoshwe miguu na mtu mzima mwenzie," alisema. "Haya. Dini ya meno, kazi yao miguu." Kabla jua halijazama, Ng'ambo nzima ilikuwa imeshaambiwa.

Kazi niliipata kwenye kiwanda cha asali na nta, upande wa pili wa reli. Warina asali walileta masega kutoka misitu ya Igalula na kwingineko, sisi wanawake tukayayeyusha kwenye mapipa ya maji moto, tukayakamua kwa magunia, na nta tukaimimina kwenye makarai igande. Joto lilikuwa kali, nyuki walitufuata mpaka nyumbani, na vidole vyangu vilinata mwaka mzima. Aliyenifundisha kazi ni Nyamizi. "Usilikamue gunia kama nguo ya mtoto, we Meno! Likande. Likande kama unga." Alinipita umri kidogo, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji tangu utotoni, na akicheka pipa la jirani lilisikia. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Chakula cha mchana tulikula kwenye bakuli moja, ugali na nsansa, zile mboga zao zilizokaushwa, na mimi niliyezoea samaki wa ziwani nikajifunza kuzitamani.

Nta ilikuwa mali, na kwa sababu hiyo kulikuwa na lango. Kila jioni wanawake tulipanga mstari, na askari wa lango, mzee mmoja aliyetoka jeshi la mkoloni tukimwita Sajini, alitupekua mmoja mmoja. Khanga ifunguliwe, ikung'utwe, ifungwe tena mbele yake. Mafundo ya vilemba aliyaminya kwa vidole. Wanaume walipita hivihivi, wakimpungia mkono. Na kusema kweli, nta ilikuwa ikitoka. Nilijua, kwa sababu siku moja nilimwona Nyamizi nyuma ya mapipa akikifinya kipande cha nta mpaka kikawa chembamba kama chapati, akakilaza katika mkunjo wa kilemba ambako vidole vya Sajini havikufika. Baba yake alikuwa fundi viatu palepale Ng'ambo, na uzi wa viatu bila nta haukai. Yeye hakuniona. Kwetu tumefundishwa kwamba mtu akikosea unamwendea yeye mwenyewe kwanza, mkiwa wawili tu, kabla hujafungua mdomo kwa mwingine. Nikawa nasubiri siku nzuri ya kumwendea.

Kabla siku hiyo haijafika, Sajini akaamua kukipekua kitambaa changu cha sala. Kilikuwa kitambaa chepesi cha wavu, hata nzi asingejificha humo. Hakukigusa kwa mkono. Alikiinua kwa ncha ya fimbo yake, akakizungusha hewani, "Na hiki kichujio cha chai je?" kisha akakiacha kianguke vumbini. Nilipandwa na hasira. Mtu asidhani kwamba sisi tusiopigana hatuna hasira. Tunazo, tena nyingi, maana hatuzitumii. Nilikiokota, nikakipangusa, nikamwambia, "Bwana Sajini, umenikosea." Basi. Nyamizi ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yangu. "Mshenzi mkubwa wewe! Tumepata Uhuru ili tuvuliwe vilemba?" Wanawake wote wakapaza sauti, na jioni ile habari ikamfikia Mihayo.

Mihayo alikuwa fundi wa boila palepale kiwandani na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa Kinyamwezi jina lake maana yake ni maneno, na wazazi wake hawakukosea. Jumapili iliyofuata aliwakusanya wafanyakazi uani kwa Bi. Zuhura, akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akaongea mpaka hata mimi nikasisimka. Tutagoma, alisema, siku tutakayopanga, mpaka wanawake waache kupekuliwa langoni. Lakini kwanza tufungane kwa kiapo, ili asiwepo wa kutugeuka. Waislamu wakaapa kwa msahafu, Wakristo kwa Biblia, na asiye na kitabu akaapa kwa makaburi ya kwao. Zamu ikanifikia.

"Mimi siapi," nikasema.

"Basi chukua kadi tu, dada Raheli. Kiapo tutakusamehe."

"Wala kadi."

Nikawaeleza kama nilivyofundishwa: chama hushinda kwa kubana. Humbana mwenye kiwanda, na hilo lisipotosha, humbana mfanyakazi asiyetaka. Nikishika kadi, na ninyi mkampiga anayeingia kazini, mkono uliompiga ni wangu pia. Mihayo akaweka mkono kifuani. "Raheli, hatutampiga mtu." Nyuma yake Nyamizi akadakia, "Nani kasema? Tutampiga mpaka aisahau njia!" Watu wakaangua kicheko, Mihayo akafumba macho, na mimi sikuhitaji kuongeza neno.

Kicheko kilipoisha Nyamizi alinijia. Hakuwa anacheka tena. "Juzi langoni nani alikupigania?" "Wewe." "Na leo unanijibu hivi?" Nikamwambia sitaingia kazini kuchukua nafasi ya mtu, hilo asiwe na wasiwasi nalo. Akasema, "Usiniite dada tena," akageuka. Kesho yake kiwandani bakuli likahamia pipa jingine. Nilikula peke yangu nimegeukia ukuta, na ile nsansa niliyoipenda ikawa haimezeki. Niliumia, na sioni haya kusema.

Siku ya mgomo ilipangwa, na kiwandani hakuna mfanyakazi asiyeijua. Jioni moja, nikiwa chumbani, nikawasikia yeye na Mihayo wakizungumza jikoni kwa Bi. Zuhura. "Atatuuza huyu," alisema Nyamizi. "Hawezi kutuuza," Mihayo akajibu, "si mtu wa namna hiyo." "Mjinga wewe! Si lazima atake. Huyu hajui kusema uongo. Meneja akimwuliza siku ya mgomo, atamtajia kama anavyotaja jina lake." Nami kitandani nikakaa na kipande cha mchembe mkononi, kwa sababu Nyamizi alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Sisi Wamennonite mjini Tabora tulikuwa wanne, na kanisa letu lilikuwa sebule ya Ndugu Zefania kwenye kota za reli. Alikuwa mwongoza treni kwa bendera, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na reli ilipogoma miaka ya nyuma yeye alikuwa amekataa chama, akatukanwa na pande zote mbili. Nilimweleza yote isipokuwa jina la Nyamizi. "Chama ni nira," akasema. "Ukishaivaa, unakwenda anakokwenda ng'ombe mwenzio. Na mgomo ni ngumi iliyofichwa mfukoni. Vumilia, binti yangu." Nikasema amina, lakini amina haikushuka. Baadaye wanawake tulikwenda chumba cha ndani kutawadhana, na mkewe, Mama Eliya, akapiga magoti mbele yangu na beseni. Akaniosha mguu mmoja. Alipoushika wa pili akauliza, "Na lango je?"

"Lango gani, mama?"

"Hilo la Sajini. Wewe kuvumilia unayotendewa wewe, huo ni utii. Kuvumilia anayotendewa mwenzio, huo unaitwaje?" Akaukausha mguu wangu kwa taulo, taratibu, kidole kwa kidole. "Mwendee mwenyewe kwanza. Si ndiyo njia yetu? Mwendee huyo meneja, wewe na yeye. Asiposikia, rudi na wawili au watatu. Zefania analijua andiko hilo, amelisahau tu kwa sababu safari hii shauri limekuja limevaa joho la chama." Kutoka sebuleni Ndugu Zefania alikohoa. Ukuta wa kota nao ulikuwa mwembamba.

Neno nililolihitaji sikulipata kanisani, nalisema hili kwa furaha. Nililipata kwa Bi. Zuhura, akichambua mchele. Nilimwambia nitakwenda kwa meneja, lakini sijui nimwambieje, maana kugoma sitaki na kunyamaza siwezi. Akapuliza makapi, akasema babu yake alikuwa mpagazi, amebeba pembe kutoka hapa mpaka pwani na kurudi na marobota ya nguo. "Unadhani hawakudhulumiwa? Walidhulumiwa sana. Basi siku kiongozi wa msafara akizidisha, hawakumpiga, hawakukimbia, wala hawakuiba mali yake. Walitua mizigo njiani, wakaikalia. Wakamwambia, bwana, mzigo wako huu hapa, salama. Ukitaka ufike, zungumza na sisi." Akanitazama. "Kutua mzigo si vita, mwanangu. Hata punda hutua." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na moyo ukawa mwepesi ghafla.

Meneja alikuwa Mzungu aliyezaliwa hukuhuku nchini, Kiswahili chake kizuri kuliko changu cha wakati ule. Nilisimama mbele ya meza yake, nikamweleza habari za lango, khanga, fimbo na kitambaa. Alisikiliza huku akikuna ndevu. Nikamalizia, "Kama hakitabadilika kitu, mimi nitatua mzigo. Sitaingia lango lako. Sitamzuia mtu kuingia, lakini mimi sitaingia."

"Kwa hiyo unagoma."

"Sigomi, bwana. Natua mzigo."

Akatabasamu kidogo. Kisha akainama mbele. "Na wenzako? Nasikia wanapanga. Ni siku gani?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nyamizi jikoni. Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, na nani angejua? "Siku naijua," nikasema. "Lakini sikuambii." Akasema naweza kwenda. Na nilipotoka mlangoni, nani alikuwa anapita na gunia begani? Nyamizi.

Mihayo alinisubiri ukumbini kwa Bi. Zuhura jioni ile, amesimama gizani. "Umemwambia?"

"Hapana."

"Alikuuliza siku?"

"Aliuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia siku naijua ila simwambii."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Si umemwambia basi? Sasa anajua siku ipo! Kwa nini hukusema hujui?"

"Kwa sababu ninajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu huyu akikosa maneno. Mgomo wakauanza kesho yake asubuhi, kabla meneja hajajipanga, na lawama zote za haraka ile zilikuwa juu yangu.

Nami nilitua mzigo wangu kama nilivyoahidi. Wagomaji walikaa upande wa lango na mabango yao. Mimi nilibeba ndoo yangu ya kuchotea maji, nikaipindua upande wa pili wa barabara, nikaikalia, kitambaa kichwani. Sikuwa pamoja na wagomaji, wala pamoja na waliokuwa kazini. Waliopita kwenda sokoni walisimama kunitazama, na watoto wakaniimbia "Meno, Meno." Nyamizi alitema mate upande wangu kila asubuhi, kwa utaratibu kama mtu anayetoa salamu. Bi. Zuhura aliniletea uji na kusema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba katika nyumba yake mpangaji hafukuzwi kwa sababu ya kukaa juu ya ndoo. Jua lilinipiga, nikawa najiuliza kama hii ni imani au ni ukaidi wa kwetu Mara. Mpaka leo nadhani vilikuwemo vyote viwili, na sioni ubaya.

Siku zikapita. Wale walioapa wakaanza kuchoka. Mmoja alianza kupenya kwa mlango mdogo wa yadi ya kuni, kisha wawili, na wa tatu alikuwa yule aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote uani. Nilikuwa nawaona kutoka kwenye ndoo yangu, maana mlango huo ulielekea upande niliokaa. Sikuwacheka. Njaa ya mtoto haijui kiapo. Lakini mchana mmoja Mihayo alivuka barabara, akakaa chini kwenye vumbi kando yangu, midomo imempasuka.

"Meneja hataki kunisikiliza," alisema. "Anasema sisi wote ni waongo, tunadai heshima na huku tunamwibia. Anasema yuko tayari kuzungumza na mtu mmoja tu." Akachora chini kwa kidole. "Na yule wa ndoo."

"Peke yangu siendi. Peke yangu nilishakwenda. Sasa ni zamu ya wawili au watatu. Nimekuwa nakusubiri wewe."

"Ulikuwa unanisubiri? Siku zote hizi?"

"Ndiyo. Wewe na Nyamizi."

"Nyamizi! Huyo anayekutemea mate?"

"Huyohuyo."

Tuliingia ofisini watatu, Nyamizi katikati, hakunitazama. Mihayo alieleza madai yetu vizuri, kwa ufupi, jambo lililomgharimu sana. Meneja alinigeukia mimi. "Raheli. Wewe ulisimama hapo ukakataa kunidanganya hata ilipokuumiza. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Hawa wanawake wananiibia nta, au hawaniibii?"

Nasema kweli, sijawahi kuogopa namna ile, tangu siku hiyo mpaka leo. Nikisema hapana, nimedanganya, na dini yangu yote niliyoikalia juu ya ndoo imekwisha. Nikisema ndiyo, nimewatupa wenzangu. Na aliyeiba alikuwa amekaa hapo, bega lake limegusa langu.

"Ndiyo," nikasema. "Wapo."

Mihayo akainamisha kichwa mpaka magotini. Meneja akaegemea nyuma. "Nani?"

"Sikutajii."

"Lakini unamjua?"

"Namjua mmoja. Hilo ni kati yangu na yeye, nami sijazungumza naye bado. Kwetu hatumpeleki mtu barazani kabla ya kuzungumza naye. Wewe una askari wako, mtafute. Lakini kwa ajili ya mmoja, bwana, unawavua vilemba wote. Hata mimi umenivua, na mimi hujaniona na nta."

Na hapo Mihayo, kichwa bado kimeinama, akasema maneno ambayo walioyasikia wameyarudia Tabora mpaka msibani kwake: "Pima nta, bwana. Usipime wanawake." Akainuka, akaeleza: kila pipa lipimwe masega asubuhi na nta jioni, mbele ya wenye pipa. Ikipungua, ijulikane imepungua wapi. Mizani mnayo, mnaitumia kwa warina asali. Kwa nini kwetu mtumie mikono ya Sajini?

Meneja alicheka kwa pua. Alisema kama ningejibu kwamba hakuna anayeiba, angetufukuza sote watatu. Kesho yake mizani ikawekwa kando ya mapipa, Sajini akahamishiwa yadi ya kuni, na wanawake wakapita langoni khanga zimefungwa, wengine wakiimba. Mimi nilipita wa mwisho na ndoo yangu. Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikungoja. Ila mchana, bakuli la ugali na nsansa lilirudi kwenye pipa letu. Nyamizi aliliweka katikati, akanawa, akasema, "Kula. Utapoa." Nta haikupungua tena kwenye pipa letu, na baada ya muda Mihayo akadai makapi meusi ya nta, yasiyouzika, wapewe wafanyakazi. Yakatosha uzi wa fundi viatu mmoja na zaidi. Nikaona hakuna tena sababu ya kumwendea mtu, na mwisho wa mwaka nikaondoka Tabora kwenda kuolewa.

Miaka ilivyokwenda, vyama vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, na mchango ukakatwa kwa kila mfanyakazi, atake asitake. Ndugu Zefania alilalamika, kisha akasema cha Kaisari ni cha Kaisari. Mimi sikuwahi kuapa, wala kushika kadi, na sijutii. Lakini vijana wetu kanisani wakiniuliza kama Mmennonite ajiunge na chama cha wafanyakazi, siwajibu kwa andiko la nira peke yake. Nawaambia: anayekataa kadi awe na ndoo yake ya kukalia. Asikae kivulini huku wenzake wako juani, halafu akaita hiyo imani. Mihayo aliwahi kunitembelea Mara, nikamwambia hayo. Akasema chama kilikosa katibu mzuri, nikamwambia kanisa lilikosa mhubiri.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake, watu wakaanza kutawanyika. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu imevimba kwa safari, vumbi la makaburini mpaka kwenye vifundo. Nyamizi akajikokota mpaka kwangu, ana birika la kunawishia wageni mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Akakaa chini kwa kishindo.

"Nikuulize kitu, nawe usinidanganye."

"Tangu lini nikakudanganya?"

"Siku ile ofisini, ulisema unamjua." Akaligeuza birika mkononi. "Mihayo nilimwuliza, akasema labda ulikuwa unamtisha Mzungu. Nimezeeka na swali hili, Raheli. Ulijua ni mimi?"

Nilimtazama usoni, yule dada aliyenipigania langoni kisha akanitemea mate, na kumbe miaka yote ile mzigo alikuwa ameubeba yeye.

"Ndiyo," nikasema.

Alitikisa kichwa mara nyingi, akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akalisogeza beseni mbele yangu na kunivua viatu bila kuniuliza.

"Lete miguu," alisema, akaanza kumimina maji. "Dini ya meno, kazi yenu miguu."